Koti la Mishono Mitatu

Jumatatu, 8 Julai

Mdomo wangu utaniua. Safari hii pengine utamuua na mtu mwingine, na mtu huyo ni baba mkwe.

Ilikuwa jana mchana, baada ya chakula, nyumbani kwake anakoishi peke yake. Tulikuwepo watu wazima wote. Mimi, mke wangu, mdogo wake, na mume wa mdogo wake, yaani mwanyumba wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Zipu. Anauza makoti na majaketi ya baridi, na kutwa anafungua na kufunga zipu ili wateja waone hazikwami. Mzee akasafisha koo. Akasema Jumamosi anapanda kwenye ziwa la juu kuvua, kama alivyokuwa akifanya kila Julai kabla hajaugua.

Mwaka jana alilazwa siku kumi na moja kwa kichomi. Pafu la kushoto. Daktari alituita pembeni akatuambia kifua kile kikilowa tena na kupigwa baridi, tusitegemee atamrudisha mara ya pili. Na ziwa la juu lina ukungu hadi adhuhuri na mvua isiyo na ratiba. Kutoka barabara inapoishia ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mke wangu alianza kulia palepale, bila sauti, huku anakusanya sahani.

Wakabishana, wakakubaliana. Ataenda, ila kwa sharti avae nguo za joto zisizopitisha maji. Zipu akasema aachiwe yeye, atamchagulia mzee kuanzia soksi hadi kofia. Alisema kwa upole. Upole wake ndio unaonikera.

Hapo nikasikia mtu anasema hapana, koti la mzee halitanunuliwa, litashonwa, na litashonwa na fundi mwenye uzoefu wa miaka kumi na minane, na hata gharika haitapenya. Mtu huyo alikuwa mimi.

Mzee akasimama akanipa mkono. Nimemwoa binti yake miaka kumi na minne sasa, na hajawahi kunipa mkono namna ile. Siku zote huniita "fundi wa sare", kwa kuwa nashona sare za shule, na hulitamka kama mtu anayetaja ugonjwa mdogo. Jana alinishika kwa mikono yote miwili. Kisha akakohoa. Mara nne. Nilihesabu.

Sijawahi kushona koti la mvua. Nimeshona sare, na pazia moja ambalo lilirudishwa.

Leo kazini nimeshona mikono miwili upande mmoja wa shati. Ninaogopa.

Jumanne, 9 Julai

Mpango. Elimu yote ninayoihitaji iko dukani kwa Zipu. Sitaiomba, nitaichukua.

Nilikwenda saa nne, wakati wateja wamejaa. Nikajipenyeza nyuma ya safu ya makoti marefu nikasimama kama koti. Bahati ikawa yangu. Zipu alikuwa anamhudumia mpima ardhi mmoja anayekwenda kufanya kazi milimani na ambaye jioni hupenda kuvua. Akawa anamfundisha kila kitu. Niliandika kwenye kiganja, kiganja kilipojaa nikapanda mkononi hadi kwenye kiwiko.

Nilichovuna ni hiki. Mtu asivae nguo moja nene, avae tabaka tatu: ndani sufu nyembamba, katikati sufu nzito, nje kitu cha kuzuia maji na upepo. Pamba isiguse mwili hata kidogo, kwa sababu ikilowa haikauki, inabaki inamnyonya mtu joto lake, na anayepanda mlima hulowa kwa jasho lake mwenyewe kabla mvua haijamfikia. Koti lifunike makalio. Ukichuchumaa kumtoa samaki kwenye ndoana, mgongo usibaki nje. Kofia ya koti igeuke pamoja na kichwa, kichwa kisigeuke peke yake ndani ya kofia mtu akabaki anatazama kitambaa. Suruali ya nje ishuke juu ya buti, isiingizwe ndani ya buti, la sivyo maji yatateremka mguuni na kupiga kambi kwenye soksi. Buti ziingie soksi mbili na vidole bado vicheze.

Halafu akasema: "La mwisho, na hili wengi hawalijui, ni mishono."

Hapo nikafunga kalamu. Zipu anifundishe mimi mishono? Mtu ambaye kifungo kikimdondoka anamletea mke wangu? Nikageuka niondoke kwa heshima. Koti moja likaning'ang'ania, likaja na jirani yake, safu nzima ikanishukia. Zipu akanifukua. Akaniuliza kama kuna kitu natafuta. Nikamwambia nilikuwa natazama kazi za watu kwa huruma. Akanipangusa vumbi begani, akasema angefurahi kunisaidia kwa lolote. Sijui kwa nini watu wanampenda.

Niliporudi nyumbani mke wangu hakuwepo, amekwenda kumsalimia mdogo wake. Alirudi jioni na mfuko, akauweka juu ya kabati. Akasema ni vitu vya mdogo wake. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa nanakili mkono wangu kwenye daftari.

Jumatano, 10 Julai

Kitambaa nimekipata kwa mtu anayetengeneza miavuli. Kijani, kizito, upande mmoja kimepakwa mpira. Aliapa kwamba hakipitishi maji. Mimi mtu akiapa ndipo naanza kuogopa, kwa hiyo nilifunga kipande kwenye mdomo wa ndoo, nikakibonyeza katikati kikafanya bonde, nikamimina jagi zima. Nusu saa nimechuchumaa hapo kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Ndoo kavu. Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Nikakata, nikashona. Mtoto wa shule namshonea mshono mmoja. Mwalimu mkuu namshonea miwili. Baba mkwe nimemshonea mitatu, kila mahali, sambamba, kwa sindano nene ya kushonea mikoba maana kitambaa kilikuwa kinagoma. Mabega, makwapa, mikono, kofia. Mifuko minne, kila mfuko na kifuniko chake, kila kifuniko mishono mitatu. Makalio yamefunikwa. Kofia inamfuata mtu kama anayemdai. Nilijivika mwenyewe, nikachuchumaa mara ishirini, nikawatoa samaki ishirini wa kufikirika kwenye ndoana. Mgongo haukuonekana.

Kisha nikakiona kifua. Kitupu. Koti zuri, lakini koti la mtu yeyote. Nikaamua kutarizi samaki. Nikamweka kushoto, juu ya lile pafu bovu, kama mlinzi wa mlangoni. Uzi wa fedha, gamba mojamoja, mapezi, mkia, jicho. Mchana kutwa umekwishia hapo. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na nasema hivi bila kutia chumvi.

Mke wangu alilitazama muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye magamba. Akasema, ni zuri, baba watoto, ni zuri sana. Halafu akatazama juu ya kabati. Sikumwelewa.

Hofu imepungua. Leo nitalala.

Alhamisi, 11 Julai

Asubuhi nilitaka kujifurahisha tu. Nilivaa shati langu la kijivu, nikavaa koti juu yake, nikasimama uani nikajinyunyizia maji kwa kopo la kumwagilia bustani. Taratibu, kama mvua ya mlimani. Dakika kumi. Nikaimba hata. Kisha nikahisi kitu cha baridi kinatembea begani, kama mdudu mwenye miguu mingi. Kingine kwapani. Kingine kifuani.

Nikavua koti. Shati limechorwa. Kila mshono wa koti ulikuwa umejinakili kwa maji: mabega, mikono, mifuko minne na vifuniko vyake. Fundi mwingine angeweza kulitandika shati lile mezani na kukatia koti jipya. Na kifuani upande wa kushoto, samaki. Kamili. Gamba mojamoja, hadi jicho.

Nilikaa juu ya ndoo nikafikiri. Kitambaa hakina kosa. Aliyekitoboa ni mimi. Kila sindano inaposhuka inaacha tundu, na uzi unaobaki ndani ya tundu unayavuta maji kama utambi. Mtu aliyeshona mara moja ametoboa mara moja. Mimi nimetoboa mara tatu, kwa mapenzi, kwa sindano nene. Samaki peke yake nadhani ana matundu elfu mbili. Nimechukua kitambaa kizima nikakigeuza chujio, na pale mzee anapohitaji kukingwa kuliko kwingine kokote, ndipo nilipochuja vizuri kuliko kwingine kokote. Miaka kumi na minane watu wananiletea vitambaa nivitoboe, na sikuwahi kulitazama hivyo.

Nikakumbuka. La mwisho, na hili wengi hawalijui.

Nilikuwa bado nimekaa kwenye ndoo mzee alipoingia getini. Amekuja kujaribu koti. Nikasema halijakamilika. Akasema yeye halioni pengo. Nikasema limelowa. Akasema koti la mvua kulowa ndiyo kazi yake. Akalivaa. Akachuchumaa, akasimama, akageuka huku na huku na kofia ikamfuata. Akamgusa samaki. Kisha akasema maisha yake yote hajawahi kushonewa nguo kwa vipimo vyake. Posta walikuwa wanampa sare iliyobaki ghalani, na miaka thelathini amepeleka barua akiwa amevaa mabega ya mtu mwingine.

Akaondoka nalo mwilini. Nilimfuata hadi kwenye kona nikisema baba ngoja, ngoja kwanza. Hakunisikia, alikuwa anawaonyesha majirani. Kabla ya kona alikohoa mara tatu.

Mke wangu alikwenda kwake jioni kumpelekea chakula. Nilimtazama akitoka nikataka kumwambia. Nikamwambia asichelewe.

Ijumaa, 12 Julai

Mpango wa kwanza: kusema kweli. Nimeukataa saa moja asubuhi.

Mpango wa pili: simu. Nikaazima simu ya muuza duka jirani ili namba isinisaliti, nikaweka taulo mdomoni, nikampigia Zipu kwa sauti ya bibi kizee. Nikasema nina mjukuu wangu mvuvi, na nimesikia kuna jambo la mishono. Zipu akanieleza kwa subira yote. Kwamba koti la kweli la mvua, ukiligeuza ndani nje, utaona utepe umebandikwa kwa joto juu ya kila mshono, na bila utepe huo kila mshono ni mlango ulio wazi. Kwamba utepe anauagiza, lakini mzigo unaingia Jumanne. Kwamba anayejishonea mwenyewe ashone mishono michache kadiri awezavyo. Na pambo la kutarizi asiweke kabisa, hasa kifuani. Nikasema ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie. Akasema: "Haya mwanyumba, nisalimie nyumbani."

Jumanne. Mzee anaondoka kesho.

Mpango wa tatu: mishumaa. Nta na maji havipatani, hilo kila mtu anajua. Dukani ilikuwa imebaki mitatu, nikachukua yote. Saa nane mchana mzee hulala. Niliingia kwake kwa kunyata. Koti limetundikwa nyuma ya mlango. Nikaligeuza ndani nje, nikaanza kusugua nta kwenye mishono. Bega la kulia. Bega la kushoto. Makwapa. Kofia. Moyo ulikuwa unanidunda hadi nikahofia utamwamsha. Mikono ya koti ilipokwisha, mshumaa wa tatu ulikuwa umebaki kama ukucha, na samaki sijamgusa. Nikageuka kutafuta mwanga. Mzee amesimama nyuma yangu na soksi zake.

Aliniuliza kama umeme umekatika. Nikasema hapana, hii ni hatua ya mwisho, mafundi wote huifanya. Akaketi kitandani. Akanitazama sana. Akasema: "Fundi wa sare, unaogopa?"

Nikasema, niogope nini tena, baba. Akasema yeye anaogopa. Tangu atoke hospitali anaogopa kila jioni. Akikohoa anaogopa, asipokohoa anaogopa zaidi. Lakini linalomtisha kuliko yote ni kufia ndani, dirisha limefungwa, watu wanaingia kwa kunyata. Alinitazama miguu aliposema hivyo. Anataka kujua kama miguu bado ni yake, ndiyo maana anakwenda ziwani. Kisha akangoja.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Mdomo huu ambao hunitangulia kila mahali leo ulibaki nyuma. Nikasema nitakwenda naye.

Sijui kuogelea. Nikiwa mtoto nilitumbukia kwenye pipa la maji ya mvua, na tangu siku hiyo maji yakipita magoti naona giza. Baridi nayo siiwezi. Lakini lazima awepo mtu wa kushika mwavuli juu ya samaki yule.

Jumamosi, 13 Julai, saa kumi na moja alfajiri

Mavazi yangu: fulana tatu za pamba. Shati la pamba. Sweta la sare, saizi ya mwanafunzi mkubwa. Juu yake koti langu la harusi. Suruali nimeichomeka ndani ya buti maana ni ndefu. Soksi mbili, vidole havichezi, vimelaliana.

Najua alichosema Zipu kuhusu pamba. Lakini pamba ndiyo imenilea, nimeishona maisha yangu yote, haiwezi kunigeuka leo.

Mwavuli mmoja. Lori la maziwa litakalotufikisha mwisho wa barabara linapiga honi. Nisiporudi, cherehani yangu apewe mtu yeyote isipokuwa Zipu.

Jumapili, 14 Julai

Niko kitandani. Nitaandika kidogokidogo.

Mzee hatembei, anapeleka barua. Hatua ndefu, zinazolingana, bila kupumzika, bila kugeuka. Nusu saa haijapita nilikuwa nimelowa chepechepe na mvua hata haijaanza. Fulana zote tatu zimenigandia. Nilimfuata nikisikiliza kifua chake. Akikohoa nasimama, akinyamaza naongeza mwendo. Hadi juu alikohoa mara sita.

Ziwa ni dogo, la kijivu, mawe pembeni na ukungu umelala juu ya maji hata ng'ambo haionekani. Nilisimama hatua kumi kutoka ukingoni. Mzee akaingia na buti zake ndefu hadi chini ya magoti, akatupa mshipi, akatulia. Mabega yakashuka. Nilimwona ana furaha, nikaogopa zaidi.

Saa nne ikaja mvua. Kwanza manyunyu, kisha yenyewe, na upepo nyuma yake. Nikaingia majini. Nakiri kwamba nililia kidogo. Maji yalipopita vifundo nikafumba macho nikaendelea kwa kupapasa hadi nikamgusa mtu, nikainua mwavuli juu ya kifua chake. Akasema namfukuzia samaki. Nikasema siondoki. Akasogea kushoto, nikasogea. Akasogea kulia, nikasogea. Upepo ukaugeuza mwavuli ndani nje, ukanipokonya, ukaenda nao juu ya ziwa. Tuliutazama hadi ukungu ulipoumeza.

Mvua sasa ilikuwa inampiga kifuani moja kwa moja. Uzi wa fedha ulikuwa umelowa maji, unang'aa. Akakohoa. Akakohoa tena. Ya tatu nikashindwa. Nikamkumbatia mzee wa watu kwa mbele, kifua kwa kifua, ili mimi niwe utepe. Na nikamwaga kila kitu. Sindano, matundu, shati la kijivu, bibi kizee wa kwenye simu, mishumaa. Nikamwambia avue, linavuja, litamuua, nimekwisha kumuua. Nilikuwa napiga kelele na mlima unanirudishia, matundu, matundu.

Mzee akangoja nimalize. Kisha akafungua koti nililomshonea. Chini yake kulikuwa na jaketi jingine, jembamba, la buluu, limefungwa hadi kidevuni. Akakunjua ukingo nikaona utepe, juu ya kila mshono. Ndani ya hilo sufu nzito, ndani ya hiyo sufu nyembamba. Kavu. Maji yote yaliyopita kwa samaki wangu yalifika hapo yakakosa pa kwenda.

Ulikuwa ndio ule mfuko wa juu ya kabati. Mke wangu alikwenda kwa Zipu tangu Jumanne, kabla sijagusa mkasi, na Alhamisi akampelekea mzee chini ya chakula. Kwa hiyo Ijumaa, nilipokamatwa na mishumaa, mzee alikuwa anajua. Alikuwa ananingoja niseme. Aliniambia nisichukie. Siku za mvua, posta, hakuwahi kuuachia mfuko mmoja barua za watu. Alikuwa na mfuko wa ngozi wa watu kuuona, na ndani yake mfuko wa plastiki wa kufanya kazi. Koti langu ni la watu kuliona. Alisema hivyo kunisifu.

Nilitaka kucheka, taya likagoma. Meno yalikuwa yanagongana yenyewe. Vidole sikuwa navyo tena. Fulana tatu, shati, sweta, koti la harusi, vyote vimebeba maji na vinanivuta chini, na mimi nikaona si wazo baya kukaa humohumo majini nipumzike, mbona hata kuna joto. Mzee alinitazama usoni. Hofu niliyoibeba wiki nzima niliiona inahamia kwake.

Alinikokota kwa ukosi hadi nchi kavu. Akanivua kila kitu, mimi mkwewe, mbele ya mlima mzima. Kisha akaanza kuvua yeye. Nikasema hapana baba, kifua. Nadhani iliyotoka ni "ba, ki". Akanivika sufu yake nzito, juu yake jaketi la Zipu, akanifunga hadi kidevuni kama mtoto wa chekechea. Yeye akabaki na sufu nyembamba na koti langu.

Koti langu.

Akasema: "Twende, mwanangu. Miguu."

Mwanangu. Miaka kumi na minne nimelingoja neno hilo, na limekuja siku ambayo mwenye kulisema anaweza asifike nyumbani. Saa mbili za kuteremka, mvua haikukata. Yeye mbele na samaki wake, mimi nyuma nimevaa kila kilichokuwa kinamlinda. Nilihesabu vikohozi hadi ishirini na tatu. Baada ya hapo niliacha kuhesabu nikawa naomba.

Leo ana homa. Ndogo, wanasema. Mke wangu ananiletea uji na hasemi neno. Ningependa anitukane.

Jumatatu, 15 Julai

Zahanati, saa mbili asubuhi. Mzee aliingia ndani na binti zake, mlango ukafungwa. Mimi na Zipu kwenye benchi. Sikuweza kutazama mlango ule. Nilitazama viatu vya Zipu. Vinamkaa vizuri. Nilimwambia kwamba kama mzee atakufa ni mimi, na watu wasiseme ni mvua. Zipu aliniwekea mkono begani. Nikamlilia kifuani. Jaketi lake halipitishi machozi, yaliteremka yote hadi sakafuni.

Muuguzi akatoka na mzee na binti zake. Akasema pafu la kushoto ni safi. La kulia safi. Homa ni mafua, mzee atapona kwa kulala siku mbili. Alimwuliza mzee kapitaje mvua ile bila kifua kulegea. Zipu akasema ni sufu, hata ikilowa haimwachi mtu. Mke wangu akasema ni Mungu. Mzee akasema ni miguu. Mimi mishumaa naijua mwenyewe.

Kisha muuguzi akanisikiliza na mimi, kwa kuwa nilikuwa nakohoa. Kichomi. Pafu la kushoto. Sindano siku tano.

Tukarudi kwa mzee. Ameketi kitandani, dirisha wazi, koti limetundikwa ukutani mahali ilipokuwa picha yake ya kustaafu. Amesema miguu ni yake. Amesema Julai ijayo anataka kwenda na sisi sote, watu wazima watano na wajukuu wake wanne, tulale hukohuko ziwani usiku mmoja. Zipu akasema basi tutahitaji hema zuri.

Nikasikia mtu anasema hema halitanunuliwa.

Mzee akakohoa mara moja. Nadhani alikuwa anacheka.

Nimelifikiria upya suala la matundu, kwa utulivu, baada ya sindano ya kwanza. Tusiionee sindano. Kosa lilikuwa kumweka samaki kifuani, mahali mvua ya upepo inapopiga. Kwenye paa la hema mvua haikai, inateleza na kwenda zake. Kwa hiyo samaki wanapanda paani, tisa, kila mmoja juu ya kichwa cha mwenyewe, ili kila mtu ajue pa kulala hata gizani. Na mishono mitatu ilikuwa michache, sasa naliona hilo. Nitashona minne.

Samaki wa mzee nimeshamaliza kumchora. Ni mkubwa kuliko wote.

Mke wangu ametoka. Amesema anakwenda kumsalimia mdogo wake. Amechukua ule mfuko, na mwingine mkubwa zaidi.